Shimo la Speciose na neno asilolichagua

“Soma tena,” anasema Speciose Niyokwizera. “Soma kwa sauti, na hawa wenye kamba wasikie.”

“Nimeshasoma mara mbili.”

“Basi soma ya tatu. Mimi niko shimoni, huku chini maneno hayafiki vizuri.”

Ni saa moja na robo asubuhi katika kijiji kimoja cha kata ya Nyarubungo, wilayani Biharamulo. Speciose, mfinyanzi mwenye umri wa miaka 52, amesimama ndani ya shimo la udongo lililommeza hadi kiunoni, jembe mkononi. Juu yake, ukingoni, yupo Sostenes, katibu wa kamati inayoligawa bonde kuwa mashamba ya mpunga, ameshika kaunta buku lililofunguliwa katikati. Nyuma ya Sostenes wanaume wawili wamebeba kamba ya kupimia, na hawajui waangalie wapi.

Sostenes anasoma. Wazawa: majina arobaini na moja, kila jina jaruba moja la mpunga. Wageni: majina kumi na mawili, watafikiriwa awamu ya pili. Kisha mstari wa mwisho, chini kabisa ya jedwali, umeandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine: Shimo la Watwa, lifukiwe Jumatatu.

“Hapohapo,” anasema Speciose. “Mimi ni nani kwenye hilo daftari? Kwa wazawa simo. Kwa wageni simo. Nimeandikwa pamoja na shimo.”

“Mama, usilifanye hili kuwa suala la kabila. Wazawa ni waliozaliwa hapa, basi.”

“Na mimi nilizaliwa wapi, Uganda? Nilizaliwa hospitali ya misheni, Rulenge, hapo Ngara. Udongo huu nimeanza kuuchimba nina miaka sita, mwaka sabini na tisa. Baba yako amekuja na ng’ombe wake mwaka themanini na nne, katoka huko Sengerema, na chungu chake cha kwanza cha ugali aliuziwa na mama yangu. Kamuulize mama yako. Halafu umenikuta hapa asubuhi yote hii hujanipa hata shikamoo.”

Mmoja wa wenye kamba anacheka, kisha anajifanya anakohoa.

Sostenes anafunga daftari. Ana miaka arobaini, shati lake limepigwa pasi, na hajazoea kujibiwa na mtu aliye chini ya viatu vyake. “Trekta linakuja Jumatatu,” anasema. “Toa udongo unaoweza kutoa.” Anapiga hatua tatu, anageuka. “Na ile mitungi yangu sita nitaifuata leo saa kumi. Jumamosi tunapeleka mahari ya kijana.”

Anaondoka. Speciose anamtazama hadi anapopotea kwenye migomba.

“Mmesikia?” anawauliza wenye kamba, jembe likiwa hewani. “Anafukia shimo Jumatatu, na mitungi iliyotoka humohumo shimoni anaitaka leo.”

Ndivyo mambo yalivyo. Katika bonde wanaloliita Ibumba, jina ambalo kwa Kirundi ni udongo wa mfinyanzi wenyewe, kuna kipande cha hatua ishirini na mbili kwa kumi na sita. Wanawake wanane wanaishi kwa kipande hicho. Kikifukiwa, hawana pengine pa kwenda, kwa sababu udongo wa kufinyanga haupatikani kila mahali kama Sostenes anavyodhani.

Masika iliyopita Speciose alijaribu udongo wa bonde la pili, mwendo wa saa moja kwa miguu, baada ya Ibumba kujaa maji. Ulikuwa na mchanga usioonekana kwa macho. Alichoma vyungu thelathini. Kumi na tisa vilipasuka ndani ya moto, kimoja baada ya kingine. Anasema alikaa pembeni akavisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za msiba kwenye redio.

“Watu wanaona chungu wanadhani ni tope limekauka,” anasema. “Njoo ufanye.”

Kazi yenyewe si ya mzaha. Udongo unachimbwa chini ya udongo mweusi, pale unapoanza kuwa wa kijivu na kunata kama ugali wa muhogo. Unafunikwa kwa majani ya mgomba siku nne. Kisha unachanganywa na unga wa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Bila unga huo chungu hakivumilii moto.

Vigae vingine anavitoa shimoni humohumo. Ukichimba hadi usawa wa nyonga unakutana navyo: vipande vinene, vyeusi, vyenye alama za kamba iliyobiringishwa shingoni. Speciose hajui vya nani. Mama yake hakujua. Waliovifinyanga walikuwa hapa kabla ya kila mtu aliyemo kwenye orodha ya Sostenes, wazawa wote arobaini na mmoja.

“Sisemi ni babu zangu,” anasema, akikigeuza kimoja kiganjani. “Sina ushahidi. Lakini na yeye si babu zake. Mbona hilo hakuliandika?”

Kwa mwezi usio na mvua anatengeneza vyungu na mitungi kama arobaini, na vinavyotoka salama motoni ni thelathini hivi. Chungu cha maharage kinauzwa shilingi elfu nne, mtungi wa pombe elfu nane. Vingi vinakwenda Nyakanazi, kwa akina mama wanaowapikia madereva wa malori. Dereva anayelala Nyakanazi anakula wali wa kila mahali, lakini maharage anayatafuta ya chunguni, na chungu kinachodumu ni cha Ibumba.

Kwa vyungu hivyo amesomesha watoto watatu. Mume wake, Modestus, Msubi wa hapahapa, alifariki mwaka 2011. Ndugu zake walihudhuria harusi yao, wakakaa hadi jioni, wakaondoka bila kugusa chakula. Pilau ilibaki imejaa kwenye masinia. Speciose aliila yeye na bwana harusi kwa siku mbili.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kazi. Alivuka mto Ruvubu mwaka 1972 kutoka Burundi, akiwa na mimba ya Speciose na rungu dogo la mbao la kusawazishia vyungu. Alijifungua Rulenge mwaka uliofuata. Kadi ya ubatizo ipo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha taifa, na Speciose huitoa kwa mtu yeyote anayeuliza na kwa wengine ambao hawajauliza.

Sasa tuje kwenye kopo.

Katika nyumba nyingi za kijiji hiki, nje ya jiko, kuna msumari. Kwenye msumari kuna kopo la bati, mara nyingi lililokuwa la maziwa ya unga, limetobolewa tundu la kutundikia. Hilo ni la mfinyanzi. Akija kuleta vyungu akiomba maji, anapewa kwa hilo. Hakuna mwingine anayelinywea, hata mtoto. Likianguka, linaokotwa kwa kijiti.

Maji yenyewe yametekwa kwenye mtungi. Mtungi ameufinyanga yeye kwa vidole vyake, akaulainisha ndani kwa kiganja chake, akaupulizia majivu kwa mdomo wake.

“Hapo ndipo akili yangu inaposimama,” anasema Speciose. “Mkono wangu umeshika kila mahali ndani ya mtungi, huo hauna shida. Mdomo wangu ukigusa kikombe, wanakwenda kukisugua kwa mchanga. Jumapili kanisani tunapanga mstari mmoja, tunapokea komunyo mmoja nyuma ya mwingine. Ukitoka nje, kopo liko msumarini linakusubiri.”

Ukiwauliza wenye nyumba sababu, wanasema ni mazoea, walikuta hivyo. Ukiwauliza walikuta kwa nani, wanabadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba sababu ni neno moja, lile lililoandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine: Watwa, jina la kabila wanaloitwa wafinyanzi hawa.

Binti yake wa mwisho, Priscila, miaka 23, anasomea ualimu na yuko nyumbani kwa likizo. Chuoni mwenzake aliwahi kumwambia darasani, kwa kicheko, kwamba anakula haraka kama Mtwa. Hakujua anayemwambia ni nani. Priscila hakulia wala hakugombana. Aliingia maktaba, akaanza kulifuatilia neno hilo kama mtu anayemfuatilia mwizi wa kuku.

“Nililikuta kila mahali,” anasema, akitwanga vigae huku anazungumza. “Rwanda, Burundi, misitu ya Kongo. Zambia kwenye mabwawa kuna watu wanaoitwa hivyohivyo, na ni wavuvi, hawana hata mfinyanzi. Ukienda kusini kabisa, Wazulu walilitumia kwa wawindaji waliowakuta kule, watu wa lugha nyingine kabisa. Makundi hayo hayajuani. Jina ni lilelile.”

“Kwa hiyo?” anauliza mama yake.

“Kwa hiyo, mama, wakulima wa lugha zetu hizi za kibantu kila walipofika na majembe yao wakamkuta mtu, walimwita hivyo. Wataalamu hawajakubaliana neno lilianzia wapi. Ila matumizi yake yanafanana: ni yule aliyekuwapo kabla yetu, na ambaye hatumwoni kama sisi.”

Speciose anaacha kukanda. “Ina maana anayeniita hivyo anakiri alinikuta?”

“Ndiyo.”

“Halafu anajiandika mzawa.”

“Ndiyo, mama.”

“Haya. Twanga.”

Kiswahili nacho hakina cha kujivunia. Kilikuwa na neno lake, mbilikimo, linalompima binadamu kwa urefu wa mwili. Speciose amemzidi Sostenes kimo kwa vidole vinne, na anajua, kwa sababu waliwahi kusimama pamoja kwenye foleni ya chanjo ya mbuzi na alihakikisha.

Rwanda, baada ya mwaka 1994, majina ya makabila yaliondolewa kwenye matumizi ya serikali, na watu hawa wakaanza kutajwa kama walioachwa nyuma na historia. Nia huenda ilikuwa njema. Speciose aliposomewa maneno hayo alifikiri kidogo, akauliza: “Historia yenyewe ilipanda basi gani, ikaniacha mimi stendi?”

Burundi hawakulificha neno. Wameliandika kwenye katiba, na wenye jina hilo wanatengewa viti bungeni. Kwa hiyo ng’ambo ya Ruvubu neno hilo linakupa kiti. Ukivuka mto kuja huku, linakupa kopo la peke yako.

Na Tanzania? Sensa yetu haiulizi kabila, na tunajisifu kwa hilo. Lakini kaunta buku la Sostenes halikuletwa na karani wa sensa. Katika vijiji vya mpakani, ambako karibu kila ukoo umetoka mahali fulani ukiwa na mzigo kichwani, mzawa maana yake ni aliyefika kabla ya mwenye kulalamika. Kirundi wana neno kavukire kwa maana hiyohiyo, na linatumika kwa ubabe uleule. Mwenyeji, mzawa, kavukire: yote yanasikika kama sifa. Ukiyachunguza utakuta kila mara mwenye kuyatoa amejipa kwanza yeye mwenyewe.

Saa tano na nusu pikipiki inaingia uani. Ni Jovitha, ofisa wa shirika moja la misaada, msichana mpole wa miaka kama ishirini na saba, begi mgongoni. Anaamkia vizuri, anapiga goti kidogo, anapewa kigoda.

Jovitha amekuja kuliokoa shimo. Anayo fomu. Speciose na wenzake wakijiandikisha kama jamii ya asili, shirika litalizungushia shimo uzio wa waya na kusimika bango. Analionyesha bango kwenye simu. Maandishi ni makubwa, ya kijani: Eneo la Watwa, Watu wa Asili. Chini yake pameachwa nafasi ya picha.

“Picha ya nani?” anauliza Speciose.

“Yako, mama. Wafadhili wanapenda kuona… wanaomba kama mnaweza kuvaa kiasili. Ngozi, au magome.”

Priscila anaweka mchi chini.

“Mwanangu,” anasema Speciose taratibu, “ngozi ninayo moja tu, hii niliyozaliwa nayo. Mama yangu alivaa kanga. Bibi yangu sikumwona. Ulitaka nikaazime ngozi wapi, kwa Sostenes mwenye ng’ombe?”

Jovitha anainamisha kichwa. “Samahani, mama. Mimi natekeleza fomu tu.”

“Najua. Wewe huna kosa, una fomu. Sostenes naye ana daftari. Yule ananiandika na shimo ili anifukie, wewe unaniandika na shimo ili nipigwe picha. Kuna hata mmoja wenu aliyeniuliza jina la kikundi chetu?”

“Linaitwaje?”

“Wafinyanzi wa Ibumba. Miaka yote. Muulize mama yeyote wa maharage pale Nyakanazi.”

Jovitha anatoa kalamu, anafungua fomu, anatafuta pa kuandika. Anageuza ukurasa wa pili, wa tatu. Hakuna nafasi ya mfinyanzi. Kuna nafasi ya asili, ya lugha, ya mila na ya hatari ya kutoweka. Mwishowe anaikunja na kuirudisha begini, na uso wake unaonyesha kwamba leo ndiyo mara ya kwanza ameisoma.

Mtu aliyeleta suluhisho hakuja na fomu. Alikuja na kisahani cha kuomba chumvi.

Bi Felisita ana miaka sabini na mmoja. Ni Msubi, mjane, na shamba lake la mihogo linapakana na shimo upande wa mashariki. Amesikia kelele za asubuhi, kijiji kizima kimezisikia. Speciose anamwamkia, anapokea marahaba, na bibi anasimama pale kizingitini, kwa sababu katika miaka arobaini na sita ya ujirani hajawahi kukaa kwenye kigoda cha nyumba hii.

“Sasa mnapigia kelele karatasi za nini?” anauliza. “Mlamula wenu uko wapi?”

Speciose anamtazama.

“Nauliza mpaka. Mihogo yangu ina mlamula pande zote. Kwa Emilian, upande wa kusini, kuna mlamula. Hata lile jaruba la Sostenes, lililooza, lina mlamula. Pale shimoni mbona sijawahi kuuona? Kamati ilipopita na kamba walipima kati ya mlamula na mlamula. Ninyi hamna, wakapita juu yenu.”

Asiyeijua Kagera aelezwe kidogo. Mlamula ni mmea wa majani marefu yanayochongoka, shina lake nyembamba na gumu. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinaota. Ndio mpaka wa shamba. Hausogezwi usiku, haung’olewi kwa hasira, na huupandi peke yako: unapandwa mbele ya majirani mnaopakana nao, kisha mwenye kupanda na mashahidi wake wanakunywa pombe ya chungu kimoja kwa mrija mmoja. Asiyekunywa si shahidi. Mlamula si hati ya ardhi, lakini shauri likifika kwa wazee wa baraza, swali la kwanza ni nani aliona ukipandwa.

Speciose anakaa chini.

“Kosa ni letu,” anasema. “Mama alinifundisha kuchimba, kukanda, kuchoma. Mlamula hakunifundisha. Alisema mlamula ni wa wenye nchi, sisi tunachota tu. Nami nikaamini, miaka yote hii! Nimebishana na kila aliyeniita lile neno, kumbe shimoni nilikuwa nalitii.”

Anainuka, anapangusa udongo kwenye kanga.

“Priscila, lete panga. Mama Felisita, naomba vipande kwenye mlamula wako.”

“Kata. Vipo tele.”

“Na uwe shahidi wangu.”

“Nitakuwa.”

“Shahidi anakunywa na mwenye shamba,” anasema Speciose, polepole, akimwangalia machoni. “Kwa mrija mmoja. Utaweza, mama?”

Bi Felisita anageuka, anaondoka na kisahani chake bila chumvi. Priscila anasema kitu kwa Kirundi ambacho mama yake anamkemea kwa jicho.

“Kata mlamula,” anasema Speciose. “Kwa Emilian upo pia.”

Emilian ni dereva wa bodaboda, baba wa watoto wanne, na shamba lake liko kusini mwa shimo. Anakubali mara moja. Anasema yeye barabarani anakunywa maji ya kila kisima na hajafa bado. Upande wa magharibi ni wa Deodata, mfinyanzi mwenzake. Upande wa kaskazini ni jaruba la Sostenes.

Saa tisa alasiri wamesimama ukingoni: wafinyanzi wanane, Priscila, Emilian, na Jovitha ambaye hakuondoka. Mtungi mdogo wa pombe ya ndizi uko chini, mrija umesimama ndani yake. Speciose anachimba tundu la kwanza, kona ya mashariki, kwenye mpaka wa mihogo ambako shahidi hayupo.

Ndipo mihogo inapotikisika na Bi Felisita anatokea. Mkononi ameshika kopo la bati, kuukuu, limeliwa na kutu ukingoni, lenye tundu la msumari.

“Hili ni lako,” anasema. “Liko kwangu tangu mama yako yu hai. Nimekwenda kulitungua nikaona aibu, nikakaa jikoni muda mrefu. Siwezi kukurudishia ulinywee. Siwezi kulitupa njiani watoto waliokote.”

Analidondosha ndani ya tundu. Linalia bati mara moja na kutulia.

Anainama, kwa shida, magoti yake si mazuri. Speciose ananyonya kwanza, kama desturi inavyotaka. Bi Felisita anashika mrija uleule, palepale ulipokuwa mdomo wa mwenzake, anavuta. Anavuta sana. Anainua kichwa, anapangusa midomo kwa kiganja.

“Imekolea,” anasema. “Haya, pandeni, jua linakwenda.”

Speciose anachomeka mlamula juu ya kopo, anafukia, anakanyaga kwa kisigino. Anachimba la pili.

Wamefika la saba, upande wa kaskazini, Sostenes anapotokea. Amekuja na nyavu mbili za kubebea mitungi, na anamtafuta Emilian mwenye pikipiki, ambaye alimkodi tangu jana.

“Mnafanya nini?”

“Tunapanda mpaka,” anasema Speciose. “Umefika wakati mzuri, sisi tunapakana. Mrija huo hapo.”

“Hili ni eneo la kamati!”

“Kamati ilipima kati ya mlamula na mlamula. Huo hapo mlamula. Mashahidi ni Bi Felisita, Emilian na Deodata. Jumatatu trekta likija waulize hao kwanza, halafu twende kwa wazee, uwasomee na daftari lako. Usisahau ule mstari wa chini.”

Sostenes anamwangalia Bi Felisita, ambaye ni shangazi wa mke wake. Bibi anaendelea kung’oa magugu yasiyokuwapo.

“Sikuja kwa hayo,” anasema hatimaye. “Nimefuata mitungi yangu.”

“Ipo sita. Imeiva vizuri, haina hata ufa.” Speciose anaunyoosha mrija kwake. “Kunywa, uichukue. Huwezi kupeleka ukweni mtungi wa mtu ambaye huwezi kunywa naye. Wakwe wakikuuliza umefinyangwa na nani, utawaambia nini?”

Sostenes anautazama mrija. Mtu angedhani umetoka motoni.

“Nina haraka,” anasema.

“Mitungi haina.”

“Mama Speciose, Jumamosi ni keshokutwa! Mahari inapelekwa na mitungi, unajua. Unataka niende ukweni na madumu ya plastiki?”

“Mzawa hakosi mtungi,” anasema Speciose. “Waombe wazawa wenzako wakufinyangie.”

Safari hii mwenye kicheko ni Bi Felisita, na hajifanyi anakohoa. Sostenes anakunja nyavu zake, anazirudisha begani, anaondoka kwa njia aliyojia. Hakuwa ametanguliza hata shilingi, kwa hiyo hakuna cha kurudishiana.

Vimebaki vipande vitatu. Speciose anavipanda vyote, anarudi kila kona kukanyaga tena. Anasema Jumatatu atakuwa shimoni tangu saa kumi na mbili, yeye na wenzake saba, wakichimba kama kawaida. Anasema akishinda kwa wazee atamfundisha Priscila mambo mawili badala ya moja: udongo, na mlamula. Halafu anakumbuka kitu, anamgeukia Emilian aliyebaki na pikipiki isiyo na mzigo.

“Ulikuwa umekodiwa kubeba mitungi sita?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi ibebe. Ipeleke Nyakanazi sasa hivi, kwa Rozalia wa maharage. Amekuwa akiniomba mitungi tangu Pasaka.”

Inafungwa kwa majani makavu ya mgomba, mitatu kila upande. Emilian anawasha pikipiki, kisha anaizima.

“Mama, wale wa sokoni huwa wanauliza kama vyombo ni vya Watwa. Niseme nini?”

“Sema ni vya Speciose wa Ibumba.”

“Vya Speciose wa Ibumba,” anarudia Emilian, kwa sauti kubwa, ili asikosee njiani. Anawasha tena, na mitungi inaondoka.